Fangasi mwenye koti la sukari: Jinsi anavyoinyamazisha kinga ya mwili

Homa ya uti wa mgongo inapotajwa, wengi wetu hufikiria bakteria. Lakini kwa watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana, adui mara nyingi ni fangasi aitwaye Cryptococcus neoformans. Ugonjwa wake huanza polepole: kichwa kinachouma siku nyingi, homa, kutapika, macho kutoona vizuri na mwishowe kuchanganyikiwa. Wagonjwa wengine hata shingo haikakamai. Kwa nini ugonjwa unaoua huanza kimya namna hii? Jibu limo katika sukari.

Anatoka wapi?

Fangasi huyu huishi katika udongo, miti inayooza na kinyesi cha njiwa. Mwaka 1894 Francesco Sanfelice alimpata katika juisi ya matunda nchini Italia. Watu wengi humvuta kwa hewa bila kujua, na kinga imara humdhibiti. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake.

Koti lenyewe ni nini?

Kila seli ya fangasi huyu imezungukwa na kapsuli, yaani koti laini lenye utelezi. Takriban asilimia 90 ya koti hilo ni polisakaridi, mnyororo mrefu wa sukari ndogondogo zilizoungana. Wataalamu huiita GXM kwa kifupi. Ndani ya mwili koti hunenepa, na sukari yake humwagika katika damu na katika maji ya uti wa mgongo.

Mwaka 1994 watafiti Chang na Kwon-Chung nchini Marekani walionyesha uzito wa jambo hili. Fangasi aliyekosa jeni ya kutengeneza koti hakuweza kuwaua panya wa maabara. Aliporudishiwa jeni hiyo, koti lilirudi, na uwezo wa kuua ukarudi pia.

Kinga inanyamazishwaje?

Tunaweza kuieleza kazi ya GXM kwa hatua tatu.

Kwanza, inaficha. Seli za kinga zinazomeza vijidudu hutambua ukuta wa fangasi. Koti likiufunika, seli hizo hazioni cha kushika.

Pili, inazuia askari njiani. Ili zitoke kwenye damu, seli nyeupe lazima kwanza zishikilie ukuta wa mshipa. GXM inayoelea katika damu huzifanya zidondoshe protini ya kushikia, hivyo ni chache zinazofika kwenye maambukizi.

Tatu, inageuza amri. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa GXM huzisukuma seli za kinga kutoa interleukini-10, kemikali inayotuliza mapambano. Seli T, ambazo VVU tayari imezipunguza, hushindwa kuongezeka, na nyingine hupewa ishara ya kujiua.

Ndiyo maana daktari akikuta seli nyeupe chache mno katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa huyu, hiyo si habari njema. Ukimya huo ni dalili ya hatari. Zaidi ya hapo, sukari hiyo huziba njia za maji hayo kutoka, shinikizo likapanda kichwani. Kuyapunguza kwa sindano ya mgongoni ni sehemu ya kuokoa maisha.

Sukari inayomficha ndiyo inayomfichua

Kwa kuwa GXM humwagika katika damu, kipimo cha CrAg kinaweza kuinasa kwa dakika 10 hivi, mara nyingine wiki kadhaa kabla ya dalili. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu watu wenye VVU iliyokomaa waliokuwa wakianza dawa. Waliopimwa CrAg na kutembelewa nyumbani walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 28 kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza dozi moja kubwa ya amphotericin B ya liposomu, pamoja na flucytosine na fluconazole kwa wiki mbili. Mgonjwa ambaye hajaanza ARV husubirishwa wiki nne hadi sita. Utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioanza mapema walikufa zaidi. Kinga ikiamka ghafla na kukuta mabaki ya fangasi kwenye ubongo, uvimbe wake unaweza kudhuru. Aliyekwisha kuanza ARV asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kwa hiyo, anayeishi na VVU akiumwa kichwa kwa siku kadhaa asitulie na dawa za maumivu. Aende kituo cha afya na aulize kuhusu kipimo cha CrAg.