Lugha Iliyoongezwa Maneno: Habari za Verilog-A na Transista

Walio darasani na wafungue madaftari yao. Walio nyumbani wasogee karibu na redio. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya manne: semikondakta, transista, mfano wa hesabu, programu. Tutayaeleza moja moja.

Somo la leo lahusu lugha. Si lugha ya kabila wala ya taifa. Ni lugha waliyoitunga mafundi huko Marekani ili kuielezea kompyuta mitambo ya umeme. Ilikuwa lugha nzuri, lakini kwa kazi moja kubwa ilipungukiwa na maneno. Mwaka 2004 ikaongezwa maneno hayo. Tuone kwa nini.

Semikondakta na transista

Waya wa shaba hupitisha umeme. Mpira hauupitishi. Kati ya hivyo viwili kuna vitu vya tatu, kama silikoni, ambayo hupatikana mchangani. Silikoni safi hupitisha umeme kidogo sana. Ikichanganywa na chembe za fosforasi au boroni, huupitisha vizuri zaidi. Vitu vya namna hii huitwa semikondakta.

Transista ni kifaa cha semikondakta. Kazi yake ni kama ya bomba la maji lenye koki: umeme kidogo ukiigusa koki, umeme mwingi hupita au huzuiwa. Transista ya kwanza ilionyeshwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell, Marekani, na John Bardeen na Walter Brattain. Mwenzao William Shockley akaiendeleza. Wote watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1956. Kwa kifaa hicho redio zikawa ndogo, hata watu wakaziita zenyewe “transista”. Siku hizi kipande cha silikoni kisichozidi ukucha huweza kubeba transista maelfu ya mamilioni.

Kazi ya mfano wa hesabu

Fundi seremala akikosea kiti, hutia randa akakirekebisha. Fundi wa vipande vya silikoni hawezi kufanya hivyo. Kipande kikiisha kutengenezwa na kosa limo ndani, gharama yote imekwenda bure. Kwa hiyo yampasa akijaribu kwanza ndani ya kompyuta.

Lakini kompyuta haijui transista ni nini. Ni lazima iambiwe: volti zikiwa kadha wa kadha, umeme utakaopita ni kiasi gani? Maelezo hayo, yaliyoandikwa kwa hesabu, ndiyo mfano wa hesabu. Na maagizo yanayoiongoza kompyuta kufanya jaribio huitwa programu.

Programu iliyopata sifa kubwa ni SPICE. Ilitungwa katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, na Laurence Nagel pamoja na mwalimu wake Donald Pederson, ikatolewa kwa watu kuanzia miaka ya 1970. Kampuni nyingi ziliichukua, kila moja ikajitengenezea ya kwake.

Taabu ya kunakili kwa mkono

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Mfano wa transista ulikuwa umeshonwa ndani ya programu yenyewe, kwanza kwa lugha ya kompyuta iitwayo Fortran, baadaye kwa lugha iitwayo C. Mtaalamu akigundua mfano bora, kila kampuni ilikuwa lazima iuandike upya ndani ya programu yake. Tena mifano ilizidi kuwa mirefu. Mmoja wa Berkeley uitwao BSIM4, wa mwaka 2000, una vipimo zaidi ya 100 vya kujazwa.

Kulikuwa na shida nyingine. Programu ya namna hii hupata jibu kwa kukisia na kusahihisha. Fikirini mtu anayetafuta kituo cha redio. Hugeuza kitufe kidogo, akasikiliza sauti imebadilika kiasi gani, ndipo ajue ageuze zaidi au arudi nyuma. Programu nayo hutaka kujua: volti zikiongezwa kidogo, umeme utabadilika kiasi gani? Hesabu ya kiasi hicho tutaiita hesabu ya mabadiliko. Zamani mwandishi wa mfano aliziandika hesabu hizo zote kwa mkono, moja baada ya nyingine. Akikosea alama moja tu, ya kujumlisha au ya kutoa, programu iliweza kuzunguka bila kulifikia jibu.

Mnajua barua ikinakiliwa na waandishi watano huwaje. Mmoja huacha neno, mwingine hugeuza tarakimu. Hivyo transista moja, na mfano wenye jina moja, viliweza kutoa majibu mawili tofauti katika programu mbili. Fundi aamini lipi?

Lugha ya Verilog

Wakati huo lugha nyingine ilikuwa imekwisha zaliwa. Mnamo mwaka 1984, katika kampuni iliyojulikana kwa jina la Gateway Design Automation, Phil Moorby na wenzake walitunga lugha ya Verilog ya kuelezea mitambo. Kampuni ya Cadence ikainunua Gateway, na mwaka 1990 ikaitoa lugha hiyo iwe mali ya wote. Lakini Verilog ilijua zaidi mambo mawili tu: sifuri na moja, yaani umeme haupo au umeme upo. Transista yenyewe haiendi hivyo. Umeme wake hupanda na kushuka polepole, kama maji ya bahari.

Mwaka 1996 likatoka tawi la lugha hiyo, likaitwa Verilog-A. Hili liliweza kueleza umeme unaopanda na kushuka. Tena lilileta nafuu kubwa: mwandishi aliandika hesabu za umeme peke yake, na kompyuta ikazitafuta hesabu za mabadiliko yenyewe.

Hata hivyo wataalamu wa transista hawakuhama mara moja. Programu nyingi ziliisoma Verilog-A polepole mno. Dawa ya jambo hilo ilianza kupatikana mwaka 2002, Laurent Lemaitre na wenzake walipoitangaza programu iitwayo ADMS, inayofasiri Verilog-A kuwa lugha ya C. Lililobaki ni upungufu wa maneno.

Maneno yaliyoongezwa

Mwaka 2003 Laurent Lemaitre, Geoffrey Coram, Colin McAndrew na Ken Kundert walitoa maandishi wakionyesha ni maneno gani yanayopungua. Hawa walikuwa watu wa kampuni mbalimbali, si wa nyumba moja. Shirika la Accellera, lenye kutunza kanuni za lugha hiyo, likayapokea mengi, na Novemba 2004 likatoa kanuni mpya, toleo la 2.2. Tutazame manne katika hayo.

La kwanza ni ddx. Kwa neno hili mwandishi huweza kuiomba kompyuta imwonyeshe hesabu ya mabadiliko, apate kuitumia katika mfano au kuiandika katika taarifa yake.

La pili ni $param_given. Hili huuliza: kipimo hiki kimetolewa na fundi, au kimeachwa kama kilivyowekwa tangu mwanzo? Mgeni akinyamaza alipoulizwa kuhusu sukari, si sawa na aliyesema hataki.

La tatu ni aliasparam. Hulipa kipimo kimoja jina la pili, ili waliozoea jina la zamani wasipotee.

La nne ni paramset. Hukusanya vipimo vya transista za aina moja mahali pamoja, na fundi akitaja ukubwa anaoutaka, fungu linalofaa huchaguliwa.

Tena iliwekwa njia ya kuandika kando ya kila kipimo maana yake na kizio chake, volti au mita, ili msomaji asikisie.

Matokeo yake

Baada ya hapo mfano mmoja ungeweza kuandikwa mara moja na kusomwa na programu nyingi. Mfano uitwao PSP, kazi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na kampuni ya Philips, ulitolewa kwa Verilog-A. Mwaka 2006 ulikuwa umekubaliwa na baraza la kampuni zinazochagua mifano ya kutumiwa na wote. Mwaka 2012 ukafuata BSIM-CMG wa Berkeley, kwa transista mpya zenye umbo la pezi la samaki. Nao uliandikwa kwa Verilog-A.

Lakini lugha njema peke yake haimfanyi mtu kuwa mwandishi mwema. Mwaka ule ule wa 2004 Geoffrey Coram aliona inafaa kuandika namna ya kuutunga mfano kwa Verilog-A, na namna ya kutoutunga. Maneno yapo, kuyatumia vyema ni kazi ya kujifunza.

Basi, wasikilizaji, tukumbuke hili. Upungufu wa lugha hii ulijulikana na wale walioitumia kila siku. Hawakuificha kila mmoja dawa yake nyumbani kwake. Waliuandika upungufu huo, wakakubaliana juu ya neno na maana yake, wakaliweka mahali ambapo kila mtu aliweza kulisoma.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini fundi hukijaribu kipande cha silikoni ndani ya kompyuta kabla ya kukitengeneza?
2. Mfano mmoja ukinakiliwa na kampuni nyingi, hatari yake ni nini?
3. Eleza kwa maneno yako kazi ya $param_given.
4. Taja neno moja ambalo watu wa kazi yako hulihitaji lakini hawajakubaliana juu yake. Mngelikubalije?

Andikeni majibu katika madaftari, mkamsomee mwalimu. Kwaherini.