Harufu nzuri kwa mama mwenye uchungu: ubani unasaidia wapi, na unaishia wapi

Tangu nihamie Lokichoggio, jamaa zangu wa Mombasa hunitumia ujumbe kila mmoja wao anapokaribia kujifungua. Swali ni lile lile: nitie ubani chumbani? Ninunue yale mafuta ya lavenda ya chupa ndogo? Nimeona niwajibu hapa, na wengine wasome.

Ubani wenyewe si mgeni huku. Miti yake humea yenyewe katika nchi kame za kaskazini mwa Kenya, Turkana ikiwemo, pamoja na miti ya jamii ya manemane. Kile tunachokipima kidogo kidogo pale Marikiti, huku ni utomvu uliokaukia kwenye gome.

Harufu haina safari ndefu. Kutoka puani hufika upesi kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hofu na kumbukumbu. Mama akijawa na hofu, mwili hutoa adrenalini, na ikizidi mapema huweza kupunguza nguvu ya uchungu na kuchelewesha leba. Ndiyo maana mimi naona asumini aliyoizoea tangu utotoni ina faida kwake kuliko mafuta ghali asiyoyajua.

Je, imepimwa? Katika hospitali ya John Radcliffe, Oxford, wakunga waliwapa mafuta ya harufu zaidi ya wanawake 8,000 kati ya 1990 na 1998, ubani na lavenda yakiwemo. Zaidi ya nusu walisema yamewasaidia, hasa kupunguza wasiwasi, na waliopata madhara, kama kichefuchefu, walikuwa karibu 1 katika kila 100. Lakini hawakulinganishwa na wasiotumia kwa njia ya kura. Mapitio ya Cochrane ya 2011 yalipata majaribio mawili tu ya namna hiyo, yenye wanawake 535, na hayakuona ushahidi wa kutosha. Baadaye yamekuja majaribio madogo, mengi ya Iran, yanayoonyesha nafuu ya maumivu na wasiwasi. Kwa hiyo asikudanganye muuzaji: ni kitulizo, si dawa ya ganzi.

Namna ya kutumia ni rahisi. Tone moja kwenye kitambaa, mama anuse akitaka na akitupe akichoka nacho, maana katikati ya uchungu harufu aliyoipenda asubuhi huweza kumtapisha jioni. Kwa kumkanda mgongo na kiuno, matone 3 katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi au ufuta yanatosha. Hayanywewi, hayapakwi yakiwa matupu, na hayaingizwi ukeni kabisa. Klari seji inasemekana huongeza uchungu. Usiiguse bila mkunga kujua. Mnanaa na mkalitusi viwe mbali na uso wa mtoto, kwani vinaweza kumzuia kupumua vizuri.

Sasa chetezo. Najua bibi zetu watanikasirikia, lakini moshi si sawa na harufu. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka, na nyumba ndogo za huku zikijaa moshi hazina pa kuutolea. Mwenye pumu ndiyo kabisa. Mzazi akitaka kufukiza nguo zake na za mtoto, zifukiziwe nje, zipungwe upepo, ndipo zivaliwe.

Na kuna mambo ambayo harufu haiyagusi: damu nyingi, degedege, kichwa kinachouma sana na macho kuona giza, mtoto kuacha kucheza. Hapa Lokichoggio tunayo hospitali ya Lopiding, iliyoanzishwa na Msalaba Mwekundu mwaka 1987 kwa majeruhi wa vita vya Sudan na kukabidhiwa serikali 2006. Lodwar iko zaidi ya kilomita 200. Mama anayevuja damu akikaa nyumbani akinusa kitambaa, saa hizo hazirudi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza kukandwa, kitambaa cha moto, mazoezi ya kupumua, na mtu wa karibu atakayechaguliwa na mama mwenyewe. Dada zangu, siku ya kliniki ulizeni mapema mambo mawili: kama mwenzako ataruhusiwa kuingia leba, na kama harufu inakubaliwa wodini, kwa sababu kitanda cha pili huenda yuko mwenzio asiyeivumilia.