Kuanza ubaharia ukubwani

Kuanza ubaharia ukubwani ni kuingia kazi ya melini baada ya kufanya kazi nyingine nchi kavu kwa miaka kadhaa. Katika meli za biashara zinazosafiri kimataifa, jambo hili linatawaliwa hasa na mikataba miwili: mkataba wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia wa mwaka 1978 (STCW) na Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 (MLC).

Mfano maarufu katika historia ni Mwingereza Robert Blake, aliyezaliwa Bridgwater mwaka 1598. Alisoma Oxford, akawa mbunge, kisha askari wa nchi kavu. Mwaka 1649, akiwa na umri wa miaka 50 hivi, aliteuliwa kuwa mmoja wa majenerali watatu wa baharini, akapigana na Waholanzi na Wahispania hadi alipofariki melini mwaka 1657. Njia yake haipo tena. Siku hizi hakuna anayepewa meli bila kupanda cheo kwa cheo.

Umri na afya

STCW huweka umri wa chini tu: miaka 16 kwa baharia wa kawaida wa zamu na 18 kwa afisa. Haina umri wa juu. Kikomo kinapokuwapo, huwa kimewekwa na mwajiri au na sheria ya nchi.

Cheti cha afya ni lazima, nacho hudumu miaka 2 kwa kawaida. Miwani inaruhusiwa, lakini mtu wa sitahani ni lazima atofautishe rangi. Usiku meli huwasha taa nyekundu ubavuni kushoto na ya kijani kulia, na kwa taa hizo mwenye zamu hujua meli nyingine inaelekea wapi. Kwa hiyo ni busara kupimwa macho kabla ya kulipa karo.

Mafunzo na muda wa baharini

Mafunzo ya msingi ni kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi pamoja na wajibu wake kwa wenzake. Hutolewa, kwa mfano, katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam na Bandari Maritime Academy ya Mombasa.

Ugumu hasa uko mbele yake. Baharia wa zamu ya sitahani anahitaji miezi 6 ya kazi baharini, au mafunzo maalumu pamoja na angalau miezi 2 melini. Afisa wa zamu wa sitahani anahitaji miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa. Nje ya mpango huo, miezi 36. Kijana wa miaka 20 anaweza kungoja nafasi ya melini. Mwenye miaka 40 na watoto shuleni hawezi kungoja sana, na ndiye windo jepesi la matapeli.

MLC, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Baharia anaweza kugharimia cheti cha afya cha nchi yake, kitabu cha baharia na pasipoti. Viza hulipwa na mwenye meli. Anayedai "pesa ya nafasi" anavunja mkataba huo, hata akiwa na ofisi nzuri na muhuri.

Wenye ufundi wana njia fupi kidogo. Tangu marekebisho ya Manila ya mwaka 2010 kuna cheti cha afisa wa umeme na elektroniki: miezi 12 ya karakana na bahari kwa pamoja, ambayo angalau 6 iwe baharini. Mpishi mzoefu naye huhitajika, ila lazima awe amefunzwa upishi wa melini.

Maisha ya melini

Baharia ana haki ya kupumzika saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Muda wa kukaa melini kabla ya kurudishwa kwao lazima uwe chini ya miezi 12. Aliyekuwa mkuu wa idara nchi kavu huenda akapokea amri za afisa mwenye umri wa mwanawe, na wapo wanaoshuka bandari ya kwanza kwa sababu hiyo tu.