Msalaba Mdogo wa Uzi

Kile kitambaa kinacholala mgongoni mwa kochi la nyanyako kilianza na mafuta ya nywele. Uingereza ya karne ya 19, wanaume walipenda kupaka mafuta yaliyouzwa kwa jina la Macassar, jina lililotokana na bandari ya Makassar kule Sulawesi, Indonesia. Walipoegemea viti vya watu waliacha madoa. Wenye nyumba wakatafuta kitambaa cha kuvalisha mgongo wa kiti, kitu cha kufuliwa na kurudishwa, wakakiita antimacassar, yaani kinga ya Macassar. Mafuta yakapitwa na fasheni, kitambaa kikabaki. Kikapanda meli, kikapanda treni, na leo ukiingia sebule ya ushago hapa Machakos utakikuta kimetanda: kimoja mgongoni, viwili kwenye mikono ya kochi, kingine juu ya redio, kingine juu ya runinga, na kama kuna friji, hata friji imevalishwa. Tukiongea ukweli, miaka ya 80 kilirudia kazi yake ya kwanza, maana nywele za kemikali za enzi hizo zilichuruzika si mchezo.

Wengi tukisema vitambaa tunafikiria vya kroshia. Mimi nataka kuongea kuhusu ndugu zake wadogo, vile vya krosi stichi, hasa vile vya Krismasi ambavyo hutolewa kwenye sanduku Disemba na kurudishwa Januari. Ni vidogo, vingine havizidi kiganja. Vimeshonwa nyota, ua, ndege, mshumaa, au mwaka wenyewe kwa tarakimu. Kwetu tuko navyo kumi na kimoja, na mwaka jana vilikuwa vinaelekea kuwa matambara ya kupangusa meza.

Kwanza mshono wenyewe. Krosi stichi ni mishono miwili inayopishana na kufanya alama ya X, msalaba uliolala. Hauchori kitu kwenye kitambaa. Unachukua kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika, unahesabu matundu, unapiga X, unahesabu tena. Picha yote ni hesabu. Ukikosea tundu moja mwanzoni, bawa la ndege litakosa mwili wake huko mbele na itabidi ufumue. Mchoro unachorwa kwenye karatasi ya miraba, na hapa kwetu karatasi hiyo ilikuwa kitabu cha hesabu cha shule ya msingi. Susu anacho kimoja mpaka leo. (Susu ni nyanya kwa Kikamba, kama hujui.) Kurasa za mwanzo ni hesabu za kujumlisha za mjomba wangu, zimejaa alama nyekundu za kukosa. Kurasa za nyuma ni nyota.

Mshono huu una ukoo mrefu, na ukoo wenyewe una pande mbili. Kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kitambaa cha mazoezi cha Jane Bostocke chenye mwaka 1598, ndicho cha zamani zaidi cha Uingereza kilichoandikwa mwaka wake. Hiyo ni kazi ya watu wenye uwezo. Lakini karne ya 19, wasichana wa shule za maskini huko huko walifundishwa krosi stichi kwa sababu nyingine kabisa: kutia herufi na nambari kwenye mashuka. Shuka za tajiri zilihitaji alama zisipotee zikifuliwa, na msichana aliyejua kutia alama alikuwa na nafasi nzuri ya kuajiriwa kazi ya nyumba. Kwa hivyo zile A, B, C nzuri tunazoziona zimewekewa vioo zilikuwa karibu na barua ya kuombea kazi. Wapalestina nao wana tatreez yao, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Kule mshono ni wa gauni, na maua ya kifuani yaliweza kukuambia mwanamke ametoka kijiji gani. Sisi tulipewa huu wa shuka.

Ulifikaje Ukambani? Kitambaa kilitangulia. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu katika karne ya 19, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na shanga na merikani, kile kitambaa cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikofumwa. Kampuni ya Waingereza ilijenga boma Machakos mwaka 1889, miaka kumi kabla makao ya mkoa kuhamishiwa Nairobi, kwa hivyo watu wa Nairobi wapunguze madharau. Mwaka 1895 Africa Inland Mission ilianza kazi yake Nzaui, na misheni zilipofungua shule, darasa la msichana likawa na sindano ndani yake. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete. Walimu wanaume walienda na wake zao, na wake wakafundishwa upishi, usafi na ushonaji ili warudi nyumbani wakawe mfano kwa wengine.

Halafu 1952. Mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, idara yake ya maendeleo ya jamii ilikuwa inaanzisha vilabu vya Maendeleo ya Wanawake. Usidhani ni bahati tu. Katika vijiji vya Mkoa wa Kati, kujiunga na klabu kungeweza kumwondolea mwanamke siku za kazi ya lazima. Mwanamke aliyeinamia sindano alionekana si hatari. Ukisoma historia hii ukiwa mtu wa kizazi chetu, hasira inakuja haraka: kumbe vitambaa vya susu vilikuwa siasa ya kuwatuliza!

Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili iko kwenye vilima vya Machakos.

Simama popote kwenye barabara ya kupanda milima ya Mua au Iveti uangalie mashamba. Ile mistari inayozunguka kilima kama mikunjo ya nguo ni matuta. Miaka ya 30 serikali iliiona Machakos kama nchi iliyokufa, udongo umeisha. Dawa yake ya kwanza ilikuwa kupunguza mifugo ya watu kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kumtafuta gavana. Baada ya vita ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na watu wakaichukia vilevile. Mambo yalibadilika miaka ya 50 pale kazi ilipopitia mwethya, utaratibu wa kale wa Wakamba wa majirani kusaidiana shambani kwa zamu, safari hii vikundi vikichagua viongozi wao wenyewe. Na kwa sababu wanaume wengi walikuwa Nairobi, jeshini au polisi, waliochimba walikuwa hasa wanawake. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kizima kuonyesha kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka mara nyingi na udongo ukawa na hali bora kuliko miaka ile ya 30.

Susu alikuwa msichana kwenye hiyo mwethya. Anasema asubuhi ilikuwa ya jembe na alasiri ya sindano, watu wale wale, mara nyingi chini ya mti ule ule. Mwalimu wa klabu aliwafundisha X. Kuhesabu hakuwafundisha, kwa sababu walikuja wakijua. Mtu anayesuka kyondo anahesabu nyuzi za katani tangu utotoni: mbili nyeusi, tatu nyeupe, rudi. Ukiweka kyondo cha zamani karibu na kitambaa chake cha kwanza, ile zigizaga ya pembeni ni moja. Huyo mwalimu alidhani ameleta mchoro wa Ulaya. Ndiyo maana sikubali kwamba susu alitulizwa. Alipewa kitu kidogo na mtu aliyetaka akae kimya, akakitumia kukaa na wenzake na kuongea. Kile kikundi baadaye kilinunuliana sufuria, kikalipiana karo, kikaezeka nyumba za mabati. Chama cha mama yangu ni mjukuu wake, hata kama siku hizi mikutano inafanywa kwa simu.

Sasa Disemba. Mwaka jana mama alinunua kochi jipya, lile la kona, la rangi ya kijivu, limejaa sebule mzima. Akaangalia sanduku la susu akasema, "Hizi ni vitu za kitambo. Tukiweka hapa zitatuaibisha." Simlaumu sana. Yeye ni mtoto wa 8-4-4, ule mfumo ulioanza 1985 na kumlazimisha kila mtoto kushona kitu kwa alama za mtihani. Kitambaa chake kilikusanywa na mwalimu na hakikurudi. Kwake sindano ni mtihani. Masomo hayo yaliondolewa kwenye mtihani wa taifa mapema miaka ya 2000, na ndiyo maana wengi wetu tuliozaliwa baadaye tunajifunzia TikTok kile ambacho nyumba ya pili wanakijua kwa kichwa.

Susu hakubishana. Aliomba beseni.

Nimeshaangalia watu wakieleza jinsi ya kumalizia krosi stichi kwa vifaa vya bei, na bado naona njia yake ndiyo sawa. Maji baridi na sabuni kidogo. Hakuna kukamua. Nyekundu ndiyo adui, kwa sababu uzi mwekundu ukichuja unapaka waridi kila mahali, na Krismasi bila nyekundu sijui ni Krismasi gani. Ukiona umechuja, endelea kusuuza kwa maji baridi mpaka maji yawe safi, na usiguse pasi, maana joto hulifungia doa lisitoke tena. Kisha unakunja kitambaa ndani ya taulo na kukibonyeza. Unapiga pasi kingali na unyevu, uso ukiangalia chini juu ya taulo nene, ili misalaba isilale. Ukitaka kisimame kikakamavu juu ya redio, unakichovya kwenye uji mwepesi sana wa unga wa ngano uliochujwa.

Mwisho ni ukingo. Vingine alivumbua nyuzi za pembeni zikawa vishada. Vingine alivizungushia kroshia nyeupe. Viwili tuliamua kuvitia fremu, na hapo ndipo mimi niliingia. Fundi wa fremu mjini alitaka kutumia gundi, nikakataa: gundi hugeuka njano na kitambaa hakitoki tena. Unakivuta juu ya kadibodi ngumu na kukifunga kwa nyuma kwa uzi wa kwenda na kurudi, kama kamba za viatu. Kioo kisiguse mishono, na fremu isikae palipo na jua la dirishani. Fundi alikigeuza akaangalia nyuma kwanza. Nyuma ya kazi ya susu hakuna fundo hata moja. Alipunguza bei bila kuombwa.

Kuna kitu kilinisumbua nikisubiri pale. Uchongaji wa Wakamba una jina: Mutisya Munge wa Wamunyu, hapa hapa Machakos, aliyejifunza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tunamfundisha, na ni sawa afundishwe. Twiga za Wamunyu zimefika kila uwanja wa ndege. Vitambaa vilivyofunika kila kochi la nchi hii havina hata jina moja. Havikuuzwa kwa mtalii, vilipewa bibi harusi, vikafuliwa mpaka vikaisha. Jane Bostocke alitia jina lake. Wa kwetu walitia "Krismasi Njema".

Kitambaa cha kumi na moja hakikuwa kimekwisha. Nyota nusu, sindano ikiwa bado imechomekwa, kutu imeacha doa la ukubwa wa punje ya mtama. Nyota hiyo haikuanzwa na susu. Ilianzwa na rafiki yake wa mwethya, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Macho ya susu hayaoni matundu tena, kwa hivyo yeye alihesabu kwa sauti, kwa Kikamba, na mimi nikashona. Nilitafuta ule uzi mwekundu Marikiti nzima nikapata unaokaribiana tu, umekolea zaidi. Ukisogea karibu unaona mahali ambapo mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza. Nilimuuliza kama nifumue yote nishone upya kwa rangi moja, akasema hapana.

Nikamuuliza nitie jina gani pembeni. Akataka herufi mbili, ya rafiki yake kwanza, yake ikifuata, na mwaka usiandikwe kwa sababu ni ipi kati ya miaka hiyo. Mama ndiye aliyepigilia msumari, ukutani juu ya lile kochi la kijivu, na akaturudisha nyuma mara tatu tuone kama fremu imenyooka. Ilikaa pale mpaka wiki ya kufungua shule, kisha ikafungwa kwenye shuka kuukuu na kurudi sandukuni pamoja na zile nyingine kumi.