Reli Isiyofika Tarbaj

Kaskazini Mashariki mwa Kenya hakuna reli. Unga na sukari vinavyouzwa Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, huletwa na malori; mbuzi na ng'ombe wanaopelekwa sokoni nao hupakiwa kwenye malori. Tusiulaumu ukame kwa hali hii. Imetokana na maamuzi ya watu.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikilenga Ziwa Viktoria. Ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Kaskazini, wakoloni waliweka sheria ya mwaka 1902 iliyozuia watu kuingia na kutoka bila kibali, na eneo lote likatawaliwa kama ngome ya mpakani. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na rutuba. Wajir ikaachwa tena.

Kule reli ilikofika, kibarua kikubwa kilikuwa kuzipatanisha nchi. Kuanzia mwaka 1948, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya uongozi mmoja. Behewa lililopakiwa Mombasa liliweza kwenda Kampala, au kukata kona Voi na kuingia Moshi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, injini na mabehewa yakagawanywa, na safari za Voi hadi Moshi zikakoma.

Hata penye urafiki, vipimo huweza kukwamisha mzigo. Reli ya TAZARA, inayounganisha Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya Tanzania ina 1,000. Kwa tofauti hiyo ya milimita 67, isiyozidi kiganja cha mkono, shehena inayohama reli moja kwenda nyingine hulazimika kupakuliwa Kidatu na kupakiwa upya. Ulaya nako, mpakani mwa Hispania na Ufaransa, reli za milimita 1,668 hukutana na za 1,435, na tatizo ni lilelile.

Machi 2012, viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua Lamu mradi wa LAPSSET, wenye reli ya kupitia Garissa na Isiolo hadi Juba na Addis Ababa. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, lakini reli yenyewe haijajengwa. Na hata ikijengwa kama ilivyochorwa, Tarbaj itabaki kando.

Kwa hiyo serikali zetu zikubaliane mapema juu ya upana wa reli, forodha na ratiba, kabla ya kutandika chuma. Na ramani ya reli ya LAPSSET ichorwe upya, iwe na tawi la Wajir. Wafugaji wa Tarbaj ni walipa kodi kama wengine. Nao wana haki ya kufikishiwa reli.