'Slouch': Neno linalomhukumu aliyeinama

KIINGEREZA kina neno 'slouch', yaani kuketi, kusimama au kutembea huku mabega yameshuka na mgongo umepinda. Mwanafunzi wa Kitengela akimuuliza mwalimu wake Kiswahili cha neno hilo, aghalabu atajibiwa: 'kuketi kivivu'. Je, uvivu huo umetoka wapi?

Umetoka katika historia ya neno lenyewe. Lilipoanza kuandikwa kwa Kiingereza katika karne ya 16, halikuhusu mgongo. Lilimtaja mtu mvivu, goigoi. Wanaetimolojia hulihusisha na 'slókr', neno la lugha ya kale ya Skandinavia lenye maana iyo hiyo. Maana ya mkao ilijitokeza baadaye, katika karne ya 18. Kisha hata kofia yenye ukingo ulioinama, ile inayovaliwa na wanajeshi wa Australia, ikapewa jina hilo.

Maneno husafiri hivyo. Jina 'Kajiado' linatokana na Olkejuado, 'mto mrefu' kwa Kimaasai. Leo wangapi wanaoshuka matatu mjini humo huufikiria mto? Vivyo hivyo, Mwingereza amemsahau goigoi wa kale, ila lawama yake ingali ndani ya neno.

Kiswahili, kwa upande wake, hutazama sababu. Mwenye baridi, hofu au huzuni hujikunyata. Aliyechoka au kuugua hunyong'onyea. Ambaye mgongo wake umepinda kimaumbile ana kibiongo. Anayekaa tu bila kujali kazi inayomsubiri, huyo ndiye aliyebweteka. Hao wote Kiingereza chaweza kuwatia katika kapu moja la 'slouch'. Sisi tuna lawama kwa mmoja tu.

Basi mfasiri asikimbilie kamusi kabla ya kusoma muktadha. Wakazi wengi wa Kitengela hufanya kazi katika viwanda vya nguo vya EPZ, Athi River. Mshonaji aliyeinamia cherehani tangu asubuhi akirudi jioni mabega chini, ukisema 'amebweteka' utakuwa umemtukana. Amenyong'onyea, basi! Na mtoto aliyejikunyata darasani, kabla ya kumfokea, "Wewe, acha uvivu, kaa wima!" muulize kwanza: "Una nini, mwanangu? Umekula?"