William Osler

William Osler (12 Julai 1849 – 29 Desemba 1919) alikuwa daktari wa Kanada aliyefundisha utabibu Montreal, Philadelphia, Baltimore na hatimaye Oxford. Alizaliwa Bond Head, Ontario, mwana wa kasisi wa Kianglikana, na mwanzoni alikusudia kufuata kazi ya baba yake. Akaghairi, akasomea udaktari na kuhitimu Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1872. Alipokwenda London kujiendeleza alichunguza kwa hadubini chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, akawa miongoni mwa watu wa kwanza kuzieleza.

Alirudi McGill kufundisha mwaka 1874, na baadaye akakabidhiwa uchunguzi wa maiti katika Hospitali Kuu ya Montreal. Alipasua maiti kwa mamia. Kazi hiyo ilimzoeza kulinganisha alichodhani mgonjwa akiwa hai na alichokikuta baada ya kifo, na mara nyingi viwili hivyo havikupatana.

Baada ya miaka mitano Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1889 aliteuliwa mkuu wa matabibu wa hospitali mpya ya Johns Hopkins, Baltimore. Wakati huo wengi waliosomea udaktari Marekani walihitimu kwa kusikiliza mihadhara, bila kumshika mgonjwa. Chuo cha udaktari cha Hopkins kilipofunguliwa mwaka 1893, Osler aliwaingiza wanafunzi wodini: kila mmoja alipewa wagonjwa wake, akawahoji, akawapima damu na mkojo, kisha akajieleza mbele ya mwalimu pale pale kitandani. Waliokwisha kuhitimu walikaa hospitalini kwa miaka wakiendelea kujifunza. Si yeye aliyeanzisha mafunzo ya kitandani; Leiden na Edinburgh waliyajua zamani. Yeye aliyafanya kuwa sharti, na vyuo vingine vikaiga.

Kitabu chake *The Principles and Practice of Medicine* (1892) kilitumika kufundishia kwa miongo kadhaa. Kinaeleza magonjwa kinagaubaga, lakini kwenye tiba hakifichi kwamba mengi hayakuwa na dawa. Mwaka 1897 kilisomwa na Frederick Gates, mshauri wa tajiri John D. Rockefeller, naye akashtushwa na uchache wa tiba za uhakika. Kwa ushawishi wake, mwaka 1901 ikaanzishwa taasisi ya Rockefeller ya utafiti wa tiba. Ni nadra mwandishi kukiri kutojua na kukiri huko kukazaa fedha nyingi hivyo.

Osler alipenda mzaha, na mmoja ulimponza. Katika hotuba ya kuaga Baltimore, Februari 1905, alisema wanaume waliovuka miaka 60 hawana faida kazini, akatania kuhusu riwaya yenye mpango ambao, kwa maneno yake, ungewaua wazee kwa klorofomu. Magazeti yaliichukua kwa dhati, na kelele zikawa kubwa. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 55, akielekea Oxford kushika kiti cha uprofesa wa tiba.

Mwanawe Revere alijeruhiwa vitani Ubelgiji Agosti 1917, akafa akiwa na miaka 21. Osler alifariki Oxford kwa maradhi ya mapafu, akiwa ameirithisha McGill maktaba yake ya vitabu takriban 8,000. Harvey Cushing, daktari mpasuaji aliyekuwapo Revere alipofanyiwa upasuaji wa mwisho, aliandika maisha ya Osler katika juzuu mbili, kazi iliyopata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.